Sinia Lenye Adabu

Zaghlul Kandil hakuwa na kazi, lakini hakuwahi kukosa shughuli. Asubuhi ile alikuwa anapita Mtaa wa Wafua Shaba, Kairo ya zamani, mikono mgongoni kama mkaguzi wa serikali, akitafuta mtu wa kumfanyia wema. Wema wa Zaghlul ulikuwa wa aina yake. Waliofanyiwa huko Shubra na Imbaba walikuwa bado wanamtafuta wamshukuru kwa fimbo.

Mbele ya duka la Haji Mitwalli Ghandur akasimama. Haji, mzee mwenye tumbo la heshima na masharubu yaliyoungua ncha kwa cheche, alikuwa anapiga sinia kwa nyundo ndogo, macho kafumba, kichwa kinakwenda huku na huku, midomo inanong'ona dum-tak, dum-dum-tak. Sasa, mfua shaba wa kawaida hafumbi macho, atajiponda kidole. Anayefumba macho ni msanii aliyekosa jukwaa. Zaghlul akalihifadhi hilo.

Halafu jicho likamshuka hadi kwenye pipa la maji nyuma ya mzee. Pipa lilifunikwa kwa sinia kuukuu, jeusi kwa masizi, ila pale mkono ulipozoea kulishika palikuwa pameng'aa, na katika ule mng'ao zilionekana nyuzi za fedha zimechomekwa ndani ya shaba, maandishi yanafukuzana kuzunguka ukingo. Zaghlul aliwahi kubeba mizigo kwa muuza vitu vya kale pale Khan al-Khalili, kabla hajaachishwa kazi kwa sababu ambazo hazina faida kutajwa. Alijua kwamba sinia la namna ile halifuniki maji. Linakaa ndani ya kabati la kioo, na mtu mwenye glavu nyeupe analipangusa.

"Msanii mmoja na sinia moja," akajisemea. "Riziki ikija, huja na familia yake."

Akaenda kahawani kuwaza. Siku chache nyuma, hapo hapo kahawani, jamaa mmoja alimwonyesha kwenye simu kijana wa Ulaya aliyebandika kidude kidogo kwenye shina la mti. Akaligusa shina kwa kucha, ikatoka sauti ya ngoma. Akalipapasa kwa kiganja, zikatoka fidla. Akakihamisha kidude kwenye reli ya roshani, kwenye bakuli la supu, kwenye baiskeli, na kila kitu kikaimba. Wala si uchawi: kidude kinasikia mtetemo wa kitu kilichoguswa, kinaupeleka kwenye kompyuta, na kompyuta inaugeuza muziki. Zaghlul aliitazama video ile mara mbili. Ya kwanza kwa kustaajabu, ya pili kutafuta ulaji ulipokaa.

Kukinunua kidude chenyewe hakukumpitia akilini hata kidogo. Mtu anunue ukweli wa nini, na uongo unaofanana nao hautozwi ushuru bandarini? Akashuka soko la Ataba, akanunua saa ya kengele ya bei ya chini kuliko zote mkokotenini, akaipasua, akatoa ndani yake kile kisahani chembamba kinacholia, chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kisha akaenda kwa Wagdi.

Wagdi alikuwa mpiga kinanda wa harusi za mitaani. Alikuwa na jina lake, mpaka walipokuja vijana na muziki wao ndani ya flashi iliyoshikana na funguo za pikipiki, wakamaliza soko.

"Wagdi, ndugu yangu, unafanya nini siku hizi?"

"Nafuta vumbi kinanda."

"Na tumbo?"

"Nalo nalifuta."

"Basi kaa dirishani pale juu ya kahawa, umtazame Haji Mitwalli mikono. Akigonga, piga. Akipapasa, lainisha. Akiacha, acha. Spika nitaiweka mimi dukani kwake, haina waya. Tukimaliza tunagawana."

"Tunagawana nini?"

"Wagdi! Umeanza lini kuuliza maswali ya watu walioshiba?"

Kesho yake Zaghlul akaingia dukani amevaa koti, amebeba mkoba na kukokota spika.

"Haji, hiyo dum-tak umesomea wapi?"

"Kusomea? Mwanangu, mimi nafua sinia."

"Usinifiche, Haji. Mimi ni Injinia Zaghlul, wa Mamlaka ya Mitetemo." Mamlaka hiyo haipo, lakini katika mji wenye mamlaka nyingi kiasi kile, nani atapanga foleni kwenda kuhakikisha? "Nimezunguka nchi nzima natafuta mkono. Vidude tunavyo. Mikono ndiyo hatuna."

Haji akautazama mkono wake kana kwamba wameletewa habari ya urithi wote wawili. Injinia akabandika kisahani cha saa kwenye sinia kwa nta, akaelekeza nyaya kwenye spika, akakohoa kidogo. Kikohozi kile kilikuwa ishara kwa Wagdi.

"Gonga."

Haji akagonga kwa kucha. Dukani zikamwagika fidla kama maji ya bomba lililopasuka.

"Bismillahi!" Nyundo ikamdondoka, na ngoma nzito ikaitika.

Baada ya hapo hakuzuilika. Kisahani kikahamia kwenye birika, kwenye kigoda, kwenye fagio, kwenye tikiti maji aliloletewa kutoka nyumbani. Tikiti lilitoa zumari. Paka akapita akajisugua kwenye sinia, na Wagdi, ambaye maisha yake yote hakudharau mteja, akampa filimbi ya huzuni. Wapita njia wakajaa mlangoni. Haji akawa analia machozi ya kweli.

"Maisha yangu yote napiga, injinia, na mke wangu ananiambia punguza kelele! Kiasi gani?"

"Haji! Unaniuliza bei ya mwanangu?"

"Kila mwana ana mahari yake."

"Siuzi. Labda..." Zaghlul akazungusha macho dukani taratibu, kama mtu anayetafuta pa kutemea mate bila kumuudhi mwenyeji. "Labda kitu cha ukumbusho tu. Chochote. Hata kile kifuniko cha pipa."

Haji akageuka akakitazama kifuniko. Akamtazama injinia. Akakitazama kifuniko tena.

"Na nzi wakiniingilia kwenye maji?"

"Nitakuletea cha plastiki."

"Sawa. Ila kwanza kidude kinitii mbele za watu. Alhamisi Sirgani mchinjaji anamuoza binti yake. Nikipiga pale kikaimba, kifuniko chako."

Alhamisi mtaa ukafungwa kwa mahema ya vitambaa vyekundu, taa zikawashwa mpaka kwenye nguzo za majirani wasioalikwa. Wagdi alikaa nyuma ya pazia la jukwaa, kinanda mapajani, jicho kwenye tundu. Haji akapanda na kanzu mpya, amebeba chini ya kwapa sinia linalong'aa kama mwezi. Zaghlul alilitambua. Lilikuwa kifuniko cha pipa, limesuguliwa kwa ndimu na majivu.

"Haji, si ungechukua jingine? Hilo... hilo limechoka."

"Nimeyapiga yote, injinia. Hili ndilo lenye sauti." Akalipiga konzi la majaribio. Uzi mmoja wa fedha ukachomoka ukasimama kama unywele. Zaghlul akauma kidole.

Muziki ukaanza, na ulikuwa muziki haswa. Haji anatwanga, Wagdi anafuata, watu wanacheza na visu na fimbo, wanawake wanapiga vigelegele madirishani. Mambo yalikuwa mazuri mpaka zilipofika salamu.

Harusi za pale, mtu akitunza hatunzi kimya kimya. Anapanda jukwaani, anamkabidhi mpaza salamu noti na majina ya watu wake. Mpaza salamu anainua mkono, na hapo kila chombo kinakufa papo hapo, maana jina la mwenye watu halisemwi juu ya kelele. Akimaliza anafumba ngumi, wanamuziki wanapiga kishindo cha kumsindikiza, ngoma inaendelea. Anayepiga chombo juu ya salamu ya mtu ametukana ukoo mzima, na viti vya harusi, kama ajuavyo kila mwenye kovu mtaani pale, vina miguu ya chuma.

Zaghlul alikuwa amemuapisha Wagdi: tazama mikono ya Haji, usitazame kingine. Wagdi aliapa. Lakini kiapo kiko mdomoni, na mazoea yako vidoleni. Ndugu yake Sirgani aliyetoka Tanta akapanda na tunzo lake, mpaza salamu akainua mkono, na vidole vya Wagdi vikafa vyenyewe kama vilivyokufa harusi zote za maisha yake.

Haji, msanii mpya, hakujua habari hiyo. Macho kafumba, akaendelea kutwanga. Ikasikika shaba tupu: ko, ko, ko. Haji akafumbua macho, akaacha, akabaki mikono juu. Salamu ikasomwa. Mpaza salamu akafumba ngumi, na spika ikatoa kishindo kikubwa cha fidla na ngoma wakati Haji amesimama anajifuta jasho.

Wageni wakageukia jukwaa. Sirgani akakunja sura. Zaghlul alikwisha kupima kwa jicho umbali wa kutoka alipo hadi kichochoroni, akavua viatu.

Haji akalitazama sinia. Akalitazama pazia kidogo. Halafu akachukua maikrofoni.

"Mmeona?" akasema. "Jamani, mmeona adabu? Mimi binadamu nimejisahau, nimeendelea kupiga juu ya salamu ya watu wa Tanta. Chombo kimekataa! Kimesikia jina la waungwana kikanyamaza chenyewe, na kilipoona salamu imekwisha kikawapigia saluti bila mimi kukigusa!"

Mtaa ukapima upande wa kuangukia. Kisha ndugu wa Tanta akapiga kelele: "Allah! Mashine ina malezi kuliko wanangu!" Mtaa ukalipuka. Watu wakasukumana kwenda kutunza ili chombo kiwanyamazie na wao. Fundi baiskeli alisalimia ukoo wake mpaka wale waliokwisha kufa. Noti zote zikaingia kwenye kanzu ya Haji, kama ilivyo desturi: tunzo ni la mwenye jukwaa.

Kesho yake Zaghlul akawahi dukani na kifuniko cha plastiki.

"Haji, hongera. Nimekuja kwa ukumbusho wangu."

"Ukumbusho ni wako, nani kasema si wako? Ila nikikupa leo, Alhamisi nitapiga nini? Wameniita kupiga mtaa wa Bab al-Shaariya. Na spika ile mgongo wangu hauiwezi, injinia. Utanisaidia kuibeba."

Zaghlul alibeba. Kwa ajili ya sinia lile angebeba na ngazi za msikiti. Ikafuata harusi nyingine, halafu tohara, halafu ufunguzi wa duka la vigae. Kila mara sinia lilikuwa la kupewa baada ya shughuli ijayo, na kila shughuli mkono wa mfua shaba ulilishukia, dum-tak, na nyuzi za fedha zikaruka moja moja kwenye mapaja ya wageni. Zaghlul alikaa safu ya mbele anaziokota.

Lakini Zaghlul hakuwa mtu wa kukaa bure huku anateseka. Watu walitaka vidude, naye alijua saa za kengele zinapatikana wapi. Akamuuzia Sirgani. Akamuuzia kinyozi, mshona sare za shule, mwenye gereji, na imamu msaidizi mmoja aliyeomba jina lake lisitajwe. Walibandika, wakagonga, ikatoka ko, ko.

"Injinia, changu hakiimbi!" Sirgani alimjia na shoka la kazini, hana nia mbaya, alisahau tu kuliacha.

"Umekigonga na nini, bosi?"

"Na mkono!"

"Mkono gani? Mkono wa kukata mbavu? Chombo kinataka mkono wa msanii. Cha Haji si kinaimba? Si umekisikia kwa masikio yako?"

Sirgani akakubali kwamba alikisikia. Na nani mtaani angesimama aseme mbele za watu kwamba hana mkono? Jioni Sirgani akatangaza kahawani kwamba chake kimeanza kuitika, kwa mbali. Kinyozi akasema chake kinaitika zaidi asubuhi. Ikawa ukipita mtaa ule unawasikia watu wazima wamejifungia wanagonga meza.

Sasa, mfamasia alikuwa na binti, Nihad, anayesoma mambo ya umeme. Baba yake alinunua kisahani, kikamshinda, akakitupa. Nihad akakiokota, akaunganisha zile nyaya mbili kwenye simu, akahangaika nacho siku kadhaa, kisha akamfuata Zaghlul kahawani na glasi ya chai mkononi. Kisahani kilikuwa kimebandikwa chini ya glasi.

"Ami injinia, nimekuja kukushukuru."

Akaigusa glasi kwa ukucha. Udi ukalia. Akaizungushia kidole ukingoni, zikaja fidla, za kweli, zinafuata kidole kikipanda na kushuka. Zaghlul alichungulia dirishani kwa juu. Hapakuwa na mtu. Akachungulia chini ya meza.

"Nani anapiga?"

"Mimi. Si ndivyo ulivyosema? Kisahani kinacholia ukikipa umeme, ukikitikisa nacho kinatoa umeme. Ila nina swali moja. Changu hakina adabu. Cha Haji kinanyamazaje kwenye salamu?"

Zaghlul hakulala vizuri. Alikuwa ameuza ukweli wa watu kwa bei ya uongo! Lakini hapo hapo akaona mlango wa kutokea: Nihad akionyesha chombo kinachoimba chenyewe, wateja wote watatulia, yeye ataacha kubeba spika, atachukua sinia lake hata kama zimebaki nyuzi tatu. Akampandisha binti jukwaani kwenye harusi ya mpwa wa Sirgani, mbele ya mtaa mzima.

Nihad akapiga glasi, akapiga kiti, akapiga bangili ya bibi harusi, na vyote vikaimba kweli kweli. Watu walipumua juu juu. Kisha Sirgani mwenyewe akapanda kutunza. Mpaza salamu akainua mkono. Nihad akaacha kupiga, lakini fidla za simu zilikuwa na mwangwi mrefu, zikaendelea kuvuma taratibu juu ya jina la babu yake Sirgani, marehemu, aliyechinja kwa ajili ya mawaziri.

"Feki!" mtu akapiga kelele.

"Hiki cha kuiga! Kimemtukana babu wa watu!"

"Mleteni Haji na chombo cha asili!"

Kiti cha kwanza kilipita juu ya kichwa cha Zaghlul. Nihad aliondoka na glasi yake anacheka mpaka mtandio ukamlegea. Nasikia alikwenda kupiga Iskandaria, kwenye watu wasio na salamu nyingi, akafanikiwa. Mtaani pale alibaki kuwa yule binti wa chombo kisicho na malezi.

Zaghlul, shavu limevimba, akaenda moja kwa moja kwa Haji.

"Nimechoka! Nipe sinia langu, niende zangu. Au nitawaambia watu wote kwamba nyuma ya pazia yuko Wagdi!"

Haji hakuacha kuchovya mkate kwenye ful yake ya maharage.

"Waambie."

"Nini?"

"Waambie. Mwanangu, mimi nimezeekea kwenye shaba. Salamu ile ya kwanza, sauti ilipokatika, nililisikia sinia langu linalia peke yake, nikajua yote. Nikajua na aliyeko nyuma ya pazia. Kinanda cha Wagdi kilinipigia harusi ya binti yangu."

"Na Wagdi anajua kwamba unajua?"

"Wagdi anakula kwangu tangu Alhamisi ya pili. Fungu lake la tunzo analipata palepale. Mke wangu anampikia miguu ya ng'ombe. Wewe ndiye hatukujua tukupe nini, maana ulisema wewe hutaki pesa, unataka kifuniko."

Zaghlul akafungua mdomo. Ulimi wake, uliomlisha maisha yake yote, siku hiyo haukwenda kazini.

"Lakini ukiwaambia watu," Haji akaendelea kwa upole, "jiulize nani ataulizwa. Mimi ni mzee, nimeuziwa kidude na injinia wa Mamlaka. Sirgani ameuziwa na injinia huyo huyo. Kinyozi pia. Mwenye gereji, ana wanawe sita, wote wanene. Wanaamini mikono yao ndiyo mibovu kwa sababu wa kwangu unaimba. Siku wa kwangu ukinyamaza..." Akafuta mdomo. "Chukua haki yako. Mimi siyo mtu wa kuvunja ahadi."

Akainuka, akamletea sinia. Lilikuwa limebonyea kama barabara ya mvua. Fedha haikubaki hata ya kuzibia jino, na yale maandishi yaliyokuwa yakifukuzana kuzunguka ukingo yalikuwa yametwangwa mpaka yakafukuzwa kabisa. Muuza vitu vya kale angelipokea, pengine, kwa ajili ya kufunikia maji.

"Na Alhamisi utapiga nini?" Zaghlul akauliza kwa sauti ndogo.

"Masinia? Mimi? Ninayo duka zima." Haji akacheka mpaka masharubu yakapanda. "Wewe wahi mapema tu. Harusi iko ghorofa ya sita, juu ya paa, na lifti yao imekufa."

"Mpaka lini, Haji?"

"Mpaka watu waache kuoana."

Nje, dereva wa gari la vyombo akapiga honi, akaita, "Injinia! Spika hiyo!" Wagdi alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, kinanda mapajani, anang'ata mguu wa ng'ombe. Zaghlul akalitia sinia kwapani, akainama, akaipandisha spika begani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akatoka dukani kwa mtu amebeba kitu kizito kwa ruhusa ya mwenyewe.